Triple Nickles walinyimwa vita, wakapewa moto

Kila nikikuta watu wanabishana kuhusu askari wa miavuli wa Marekani kwenye Vita vya Pili vya Dunia, mjadala unaenda palepale, divisheni ya 82 na ya 101, Normandy, Bastogne, nani aliruka wapi na nani alizingirwa siku ngapi. Batalioni ya 555, kikosi cha miavuli cha Wamarekani weusi waliojiita Triple Nickles, ikitajwa inatajwa mwishoni kabisa, "wale weusi waliozima moto msituni, hawakupigana." Hiyo kauli ndiyo imenikalisha niandike. Ni kweli hawakupigana na Mjerumani wala Mjapani, hilo halina ubishi, lakini ukiishia hapo unawabebesha uamuzi ambao haukuwa wao. Askari hachagui vita. Kuna watu walikaa ofisini wakaamua hawa wasiende, na mimi nataka tuwaangalie hao wa ofisini kwanza ndio tuje kuwapima hawa wa uwanjani.

Tuanze na makaratasi. Mwishoni mwa 1942 kamati iliyokuwa inaishauri Wizara ya Vita kuhusu askari weusi ilipendekeza kiundwe kikosi chao cha miavuli, na Februari 1943 batalioni ya 555 ikaingizwa rasmi kwenye orodha ya vikosi vya jeshi. Ikaingizwa jina. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na kambi, hapakuwa na kamanda. Kombania ya kwanza yenye watu wa kweli ilianzishwa Desemba 30, 1943 pale Fort Benning, Georgia. Hesabu mwenyewe, ni miezi kumi kikosi kinaishi kwenye faili, na miezi kumi yenyewe siyo ya utulivu, ndiyo miezi ambayo divisheni ya 82 iliruka Sicily huko Italia, ikaruka tena Salerno, Marekani inajenga divisheni mpya za miavuli na kila askari wa kawaida anayeruka analipwa dola 50 za ziada kwa mwezi, ofisa dola 100, kwa sababu kazi ni ya hatari na ni ya kujitolea. Uhitaji ulikuwepo na pesa ilikuwepo.

Kilichokosekana ni utayari wa kuamini, na hapa lazima mtu aelewe jeshi la Marekani la wakati ule lilikuwaje. Kwa kweli yalikuwa majeshi mawili ndani ya sare moja. Weusi walikuwa na mabweni yao, klabu zao, vikosi vyao, na mara nyingi ofisa mweupe juu yao, na wengi wao walipangiwa kuendesha malori, kupakua meli, kupika, kujenga barabara. Haikuwa mazoea tu ya mitaani yaliyoingia kambini. Mwaka 1925 chuo cha vita cha jeshi la Marekani kilitoa ripoti nzima kuhusu kuwatumia weusi vitani, na ndani yake kilidai kwamba mtu mweusi kwa asili yake ni mwoga na akili yake iko chini. Maofisa waliokuja kuwa majenerali 1943 walikulia kwenye jeshi lenye mafundisho hayo.

Sasa fikiria kuruka na mwavuli kunafanya nini kwa fundisho kama hilo. Dereva wa lori anaweza kuwa shujaa barabarani usiku kucha na asionekane na mtu. Mlango wa ndege ni kitu kingine. Umesimama pale, upepo unakupiga usoni, wenzako wako nyuma yako, na kuna mambo mawili tu, unatoka au hutoki, na kila mtu anaona. Ukiwaruhusu weusi kufika kwenye ule mlango na wakatoka, ile ripoti ya 1925 imekufa, na haifi kwa hoja za wanaharakati, inakufa mbele ya wakufunzi weupe wenye kalamu mkononi. Mimi naamini hiyo ndiyo sababu faili lilikaa miezi kumi. Hakuna barua ninayoweza kukuonyesha inayosema hivyo, huu ni usomaji wangu, lakini nionyeshe sababu nyingine inayokubaliana na tarehe zote hizo.

Sasa aje Walter Morris, maana bila huyu mtu hata sijui kama tungekuwa tunaongea. Morris alizaliwa Georgia, ufundi wake wa uraiani kujenga kwa matofali, na 1943 alikuwa sajenti wa kombania ya weusi iliyokuwa inalinda shule ya miavuli ya Fort Benning. Yaani kazi yao ilikuwa kulinda ndege na minara ambayo weupe wanajifunzia. Alikuja kusimulia mwenyewe uzeeni kwamba aliwakuta vijana wake wamekata tamaa kabisa, hawajioni kama askari, na kilichomuuma kuliko vyote ni duka la kambi. Askari mweusi mwenye sare ya Marekani haruhusiwi kuingia, halafu kupitia dirishani anawaona mateka wa Kijerumani na Kiitaliano wamekaa ndani na askari weupe, wanavuta sigara na kucheka. Adui aliyekamatwa akiwapiga risasi Wamarekani anakaribishwa ndani, Mmarekani anayelinda kambi anasimama nje. Nimesoma mambo mengi ya kibaguzi katika historia ya majeshi lakini hilo la dirisha linarudi kichwani kila mara.

Morris hakuandika malalamiko. Alichofanya, jioni weupe wakimaliza mazoezi yao na kuondoka, anawatoa vijana wake kama 50 kwenye uwanja uleule na wanaanza kuiga walichokuwa wanakitazama mchana kutwa, kukimbia, kupiga pushapu, kupiga kelele zilezile za askari wa miavuli. Hakuna aliyewaagiza na hakuna aliyewaahidi chochote. Siku moja mkuu wa shule, Jenerali Ridgely Gaither, akapita na gari akawaona, akauliza nani anawaongoza wale, akamwita Morris ofisini. Morris akaenda akijua ameshaharibu. Kumbe anaambiwa kwamba kombania ya miavuli ya weusi inaanzishwa na yeye ndiye sajenti wake mkuu.

Watu wengi wanaisimulia hii kama hadithi ya jenerali mwema. Siipendi hiyo namna. Gaither alifanya vizuri, namheshimu, lakini uamuzi wa kuanzisha kikosi ulikuwa umeshapitishwa juu tangu Februari. Kilichokuwa hakipo ni watu wa kuonyesha kwa macho kwamba inawezekana, na hao Morris alikuwa ameshawaandaa kabla hajaulizwa.

Platuni ya kwanza ya majaribio ilikuwa na watu 20, na wengi wao, 17, walitoka divisheni ya 92 iliyokuwa Fort Huachuca, Arizona, divisheni iliyobeba alama ya nyati kwa kumbukumbu ya wapanda farasi weusi wa karne ya 19. Ndipo likatoka jina, sarafu ya Marekani ya senti tano inaitwa nickel, na zama zile ilikuwa na picha ya nyati, na namba ya kikosi ina tano tatu, wakachukua nyati watatu wakawa Triple Nickles, na jina wanaliandika hivyohivyo kwa herufi zao wenyewe hadi leo.

Shule ya miavuli ilikuwa wiki nne za kukuchosha mpaka usiwe na nguvu ya kuogopa. Mbio asubuhi, mnara mdogo wa futi 34 ambao wengi wanasema unatisha kuliko ndege kwa sababu ardhi unaiona vizuri, halafu mnara wa futi 250, halafu miruko mitano ya kweli kutoka ndege ya C-47. Ndani ya ndege kuna waya umepita juu urefu wote, unasimama, unachomeka ndoano ya kamba yako, unakagua mgongo wa aliye mbele yako maana yeye hawezi kujiona, mnahesabu kwa sauti kutoka nyuma kuja mbele, mnasogea mlangoni. Mwavuli wa wakati huo ulikuwa unafunguka kwa kishindo cha kukuvunja mwili. Na hawa vijana kulikuwa na askari weupe kambini wamewekeana dau kwamba weusi wakifika mlangoni watagoma. Februari 1944 wakapewa beji zao za mabawa, na maofisa sita weusi wakapita shule ileile wakawa viongozi wa kikosi. Hilo la maofisa halisemwi vya kutosha. Vikosi vingi vya weusi viliongozwa na weupe, 555 iliongozwa na weusi kuanzia platuni hadi kamanda wa batalioni, Kapteni James Porter. Amri ya mwisho kabla ya mlango ilitoka kwa mtu mweusi.

Julai 1944 wakahamia Camp Mackall, North Carolina, na Novemba 25, 1944 kombania ikawa batalioni. Hapa sasa ndipo hoja yangu ilipo na naomba uniangalie tarehe vizuri.

Desemba 16, 1944 Wajerumani wakashambulia Ardennes, eneo la misitu huko Ubelgiji. Watoto wa watu walikufa kwenye theluji kwa maelfu, na jeshi la Marekani Ulaya likaishiwa askari wa miguu, yaani wale wa mstari wa mbele wenyewe. Hali ilikuwa mbaya mpaka makao makuu yakafanya kitu ambacho hakijawahi kufanyika, yakawatangazia askari weusi wa huduma, madereva, wapishi, wapakuaji, kwamba anayetaka kupigana ajitolee. Zaidi ya 4,500 walijitolea, na masajenti kati yao walikubali kuvua vyeo warudi kuwa askari wa kawaida, maana ilionekana haifai sajenti mweusi awe na amri juu ya mweupe. Wakachukuliwa kama 2,200, wakafundishwa wiki chache tu Ufaransa, na Machi 1945 platuni zao zikawa vitani Ujerumani ndani ya kombania za weupe. Walipigana vizuri, hata makamanda waliowapokea kwa wasiwasi walikiri.

Wakati huohuo, mwezi huohuo, ng'ambo ya bahari North Carolina, wapo askari weusi waliokwisha iva. Wameruka mchana na usiku, wanajua bunduki zao, maofisa wao wapo. Jeshi linamchukua mpishi, linamfundisha wiki chache na kumpeleka mbele, halafu linamwacha askari wa miavuli kambini anakimbia mbio za asubuhi. Ukiniuliza ushahidi wa kwamba 555 walinyimwa vita, huo hapo, sihitaji mwingine.

Kuna utetezi na niuweke mezani kwa haki. Batalioni ilikuwa haijajaa. Kufikia baridi ile mpango ulishuka ikawa itolewe kombania moja iliyoongezewa nguvu, kama watu 160, na kufikia Aprili Wajerumani walikuwa wanaporomoka na hakuna tena sehemu ya kuruka. Ni kweli, lakini batalioni haikujaa kwa sababu ilianza kwa kuchelewa, na ilianza kwa kuchelewa kwa sababu ya ile miezi kumi ya faili, kwahiyo utetezi wenyewe unaturudisha palepale. Isitoshe mruko mkubwa wa mwisho Ulaya, ule wa kuvuka mto Rhine, ulifanyika Machi 24, 1945. Nafasi ya watu 160 ilikuwepo. Wazee wa 555 walikuja kusema waziwazi wanaamini kuna makamanda Ulaya ambao hawakutaka kabisa kuona askari weusi wa daraja la juu namna ile wakiwa karibu na vikosi vyao. Siwezi kusoma mioyo ya majenerali lakini nawaamini hao wazee, wao ndio walikuwa wanangoja treni.

Treni ilikuja. Walipakiwa kuelekea magharibi kwa amri ya siri, na vijana wakashangilia, magharibi maana yake Pasifiki, maana yake kupigana na Wajapani chini ya Jenerali MacArthur. Mei 1945 wakashushwa Pendleton, Oregon, mji mdogo wa wafuga ng'ombe ambako sehemu za kuwauzia hata chakula zilikuwa za kuhesabu, wakaambiwa kazi yao ni moto wa misitu.

Nyuma ya hiyo amri kulikuwa na jambo la kweli. Kuanzia Novemba 1944 Wajapani walirusha maputo zaidi ya 9,000 yavuke Pasifiki yenyewe, bila rubani. Puto lenyewe upana wake mita kumi, karatasi ya mforosadi iliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya mzizi wa konnyaku, kazi ambayo ilifanywa kwa sehemu kubwa na wasichana wa shule, ndani gesi ya haidrojeni, chini mifuko ya mchanga inayojidondosha puto likishuka sana, na mabomu, ya kulipuka na ya kuwasha moto. Upepo mkali wa juu wa majira ya baridi unalifikisha Marekani kwa siku chache. Yaliyopatikana Amerika Kaskazini ni kama 300. Mei 5, 1945, karibu na Bly hapohapo Oregon, mchungaji alikuwa ametoka na mkewe mjamzito na watoto wa kanisani kwenda matembezini, mama na watoto watano wakalikuta limelala msituni, likalipuka, wakafa wote sita. Serikali ilikuwa imezuia magazeti kutangaza maputo ili Wajapani wasijue kama yanafika, kwahiyo wale walikufa hawajui wanachokigusa.

Basi 555 wakapewa operesheni ya siri iliyoitwa Firefly, kuruka kwenye moto na kushughulikia mabomu hayo. Ila angalia tarehe tena. Wajapani waliacha kurusha maputo Aprili 1945. 555 walifika Mei. Na maputo yenyewe yalivuka zaidi majira ya baridi, misitu imelowa na ina theluji, hakuna moto mkubwa hata mmoja uliothibitishwa kuwa yaliuwasha. Marekani hawakuwa na uhakika kama Wajapani wameacha kweli, siwalaumu kwa kujihadhari, lakini adui ambaye 555 walitumwa kumkabili alikuwa ameshaondoka kabla hawajashuka kwenye treni. Walichokikuta ni moto wa kawaida wa kiangazi, sanasana wa radi. Na ulikuwa moto wa kweli.

Warukaji wa moto ni wazo la Idara ya Misitu, mruko wa kwanza wa kuzima moto ulifanyika Julai 1940 huko Idaho. Mwezi mmoja kabla ya hapo, meja wa jeshi aitwaye William Lee alikuwa amekwenda Montana kuwatazama wakijifunza, akarudi na mawazo yao, na kiangazi hichohicho majaribio ya kwanza ya miavuli ya jeshi yakaanza Fort Benning. Yaani jeshi lilijifunza kwa watu wa misitu, na miaka mitano baadaye askari wa Fort Benning wanarudishwa msituni wajifunze upya.

Na ilikuwa upya kweli. Askari wa miavuli kila alichofundishwa kinasema kwepa mti, ukiingia mtini adui anakupiga ukiwa unaning'inia. Oregon ukaambiwa mti ni rafiki, jiwe ndilo litakuvunja mguu, na msitu wenyewe ndiko unakokwenda. Wakapewa miavuli iliyobuniwa na Frank Derry, yenye mianya ya kuuongoza, tofauti na wa jeshi unaokwenda upepo unakotaka. Wakavaa makoti mazito ya marubani yenye manyoya ndani, kofia ngumu za ngozi za wachezaji wa mpira wa Kimarekani na wavu wa waya mbele ya uso ili matawi yasitoboe macho, na mfukoni kamba ya futi 50 ya kujishushia ukinasa juu.

Ukishafika chini hakuna maji. Huo moto unazimwa kwa jembe, shoka na msumeno, unakata ukanda mbele ya moto, unafyeka kila kinachoweza kuungua mpaka unafika udongo mtupu, moto ukifika hapo unakosa chakula. Moto ukilala kazi haijaisha, unapita kwa magoti, unapapasa majivu kwa mkono mtupu kutafuta sehemu yenye joto, maana mzizi unaweza kuungua chini kwa chini siku nyingi na kuibukia nyuma yako. Halafu vitu vyote unavibeba mgongoni unatembea maili kadhaa mpaka barabara. Siku zile 555 walikuwa wamejigawa, wengine Pendleton, wengine Chico, California, na mpaka msimu unaisha Oktoba walikuwa wamepigana na moto mara 36 na kufanya miruko zaidi ya 1,200.

Mmoja hakurudi. Malvin Brown, mhudumu wa tiba wa kikosi, aliruka Agosti 6, 1945 kwenye moto wa msitu wa Umpqua, karibu na Roseburg. Mwavuli wake ukanasa kwenye mti mrefu, miti ya kule inapita futi 150 na kamba yake ni ya 50. Akiwa anajaribu kujishusha akaanguka kutoka juu kabisa, akafa. Anahesabiwa kuwa mrukaji wa moto wa kwanza kufa kwenye mruko wa moto Marekani. Na hiyo tarehe ndiyo siku ya Hiroshima, dunia nzima siku ile ilikuwa inatazama upande mwingine. Mimi huwa natulia hapo kwanza, kwa sababu mtu anayesema 555 hawakuwa kazini naomba amweleze Brown, aliyekufa na sare, akitoka kwenye mwavuli, kwa amri, vita vikiwa bado havijaisha.

Waliporudi mashariki wakapelekwa Fort Bragg na kuwekwa chini ya divisheni ya 82 ya Jenerali James Gavin. Gavin alikuwa ameruka Sicily, Salerno, Normandy na Uholanzi, hakuwa na cha kuthibitisha kwa mtu, na nadhani ndiyo maana hakuogopa. Januari 12, 1946 divisheni yake ilipoandamana Fifth Avenue jijini New York kusherehekea ushindi, 555 waliandamana nayo, na sare na mabawa yao kama wengine. Desemba 9, 1947 bendera ya 555 ikashushwa na watu wake wakawa batalioni ya tatu ya rejimenti ya 505, ambayo ndiyo rejimenti Gavin aliiongoza mwenyewe Sicily. Amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi jeshini ilitoka Julai 26, 1948, miezi saba na zaidi baadaye.

Hapa wanaowasifu 555 nao huwa wanakosea, na nawaambia kwa nia njema. Wanasema siku ile ya 1947 ubaguzi ukaisha kwenye 82. Haukuisha. Batalioni iliingizwa ndani ya divisheni ya weupe, hiyo ni hatua kubwa na ilitangulia amri ya rais, ila askari ndani yake walibaki weusi. Hata mwaka 1950, Korea imeshawaka na jeshi linaunda kombania za Rangers wa miavuli, yaani askari wa mashambulizi maalumu, weusi waliojitolea kutoka 505 waliwekwa kombania yao peke yao, ya pili. Kuchanganyika kwenyewe kulikuja kwa damu ya Korea. Tukisema yote yalimalizika 1947 kwa sahihi ya jenerali mmoja, tunawafuta waliobeba miaka iliyofuata.

Morris alitoka jeshini akiwa luteni, akarudi kwenye matofali yake, akafa 2013 akiwa na miaka 92. Hakuwahi kuruka vitani. Lakini Machi 23, 1951 ndege zilipofika juu ya Munsan-ni, Korea, mojawapo ya vikosi vilivyosimama na kuchomeka ndoano ilikuwa ile kombania ya pili ya Rangers, weusi watupu kuanzia kamanda wao, na baadhi yao walishawahi kuwa Triple Nickles.